Baba wa Kuazima

Harufu ndiyo iliyompokea Jovita kabla ya mwenye nyumba.

Alikuwa ametoka Rumonge baada ya misa ya alfajiri, amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, na mkononi amebeba bidoni ndogo, dumu la plastiki lililojaa mawese. Mawese hayo aliyakamua baba yake, mzee Karoli, kwa mikono yake mwenyewe, akayachuja mara mbili, akasema mama mkwe asije akakuta hata unyuzi mmoja wa chikichi ndani. Sasa Jovita alisimama mbele ya lango la chuma lililopakwa rangi mpya, akavuta pumzi ili atulize moyo, na pumzi hiyo ikamgeuka kooni.

Watu wa Bujumbura wanauita mtaa ule Kwa Wagiriki. Wafanyabiashara wa Kigiriki ndio waliojenga nyumba zake za kwanza, zamani za ukoloni: vigae vyekundu, baraza pana, na juu ya kila mlango mwaka wa kujengwa umechongwa kwenye jiwe. Walipanda na miti. Leo mijakaranda ya pande mbili imeshikana juu ya barabara, hata mchana wa jua kali mtu anatembea kivulini kama yumo kanisani. Na mwisho wa kila barabara, ziwa. Mara ya kwanza Emery, mchumba wake, alipompitisha huko, miezi minane iliyopita, Jovita alifumba macho akamshukuru Mungu polepole asije akasikika. Mtoto aliyezaliwa kwenye hema la wakimbizi, ng'ambo huko Tanzania, ataishi chini ya miti hii. Alijiona amekaa barazani jioni, Emery pembeni yake, watoto wao wakikimbizana juu ya maua ya zambarau yaliyoanguka.

Lakini miaka hii ziwa limepanda. Lilianza kwa kumeza bustani za nyuma, likaingia kwenye mashimo ya vyoo, na kilichokuwa ndani ya mashimo kikatoka nje. Kwa mbele nyumba zinapakwa rangi kila mwaka. Kwa nyuma zinaoza. Harufu ya uozo huo ilipita katikati ya miti mizuri, ikachanganyika na dawa ya javeli ya kusugulia sakafu na ubani, ikawa kitu kizito cha utamutamu kinachokaa kwenye ulimi.

Emery alifungua lango mwenyewe. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya upole. Alifika Rumonge kupima barabara iliyoliwa na ziwa, akaomba maji ya kunywa kwenye shule ambayo Jovita anafundisha, na baada ya hapo akawa na kiu kila siku kwa wiki tatu. Macho yale yalipotua juu yake, Jovita alisahau harufu kwa dakika moja nzima.

"Umependeza," Emery alisema.

"Asante. Emery, ni nini kinanuka?"

"Wapi?"

"Hapa. Kila mahali."

"Ah, ni ziwa tu. Ukikaa wiki moja husikii tena."

Jovita alicheka, maana ilikuwa ni sauti ya mtu anayempenda ikimwambia atakaa.

Mama Evangelina, mama yake Emery, alikuwa mjane wa heshima, mweupe wa nywele, mnyoofu wa mgongo. Wageni wake alisema nao Kifaransa, na mwanawe Kirundi. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya mlinzi, wauza samaki na Jovita. Kwa watu wa zamani wa mji ule, Kiswahili ni lugha ya sokoni, lugha ya mtu wa kukuzungusha. Jovita alimsalimu kwa Kirundi safi, amahoro na yote yanayofuata, akapiga na magoti kidogo. Mama Evangelina akamjibu kwa Kiswahili.

"Karibu, mutoto. Hiyo bidoni weka kule nje, karibu na garaji. Ikimwagika hapa karelaje yangu imekwisha."

Jovita aliipeleka nje. Alijiambia kwamba mama ana haki, mawese hayatoki kwenye sakafu nyeupe ya vigae. Alikuwa na kipaji hicho, Jovita: kumtafutia kila mtu sababu nzuri kabla mtu mwenyewe hajaitafuta.

Walikuwa wamemwita kupanga siku ya mahari, ambayo ilikuwa imebakiza wiki tatu. Meza ilitandikwa kitambaa cha kazi ya mkono, na katikati yake mikeke mitano ya kukaanga, samaki wa ziwa lile, imelala juu ya sahani ya maua. Madirisha ya upande wa ziwa yalifungwa kabisa, pazia juu yake, na kwa hiyo nzi walioingia walikuwa wamekosa njia ya kutoka. Walitembea juu ya samaki kama wenyeji. Hakuna aliyewafukuza. Jovita aliinua mkono awapunge, akaona jicho la Mama Evangelina, akaushusha.

Kulikuwa na kiti cha nne. Kabla hajauliza ni cha nani, aliingia mzee mmoja wa suti ya kijivu, masharubu yamechongwa, fimbo mkononi. Emery alimtambulisha: ni mzee Leonidasi, jirani, mwanasheria mstaafu, nyumba yake ni ile ya mwinuko ambayo maji hayajaifikia. Mzee hakutoa mkono. Alimshika Jovita mabega yote mawili, akamtazama kutoka juu hadi chini, akambusu mashavu kwa midomo iliyolowa.

"Huyu ndiye binti yangu," alisema. "Hawakunidanganya. Nimezaa."

Watu wa mezani walicheka. Jovita naye alicheka, kwa adabu, bila kujua anacheka nini.

Mama Evangelina ndiye aliyemweleza, huku akitoa miiba kwenye samaki wake. Alisema Rumonge ni mbali na barabara ni mbaya, wageni wao ni watu wazima wa nafasi zao, hawawezi kukalishwa uani penye makapi ya chikichi. Alisema kwamba siku ya mahari mtu haangalii msichana, anaangalia anakotoka. Kwa hiyo sherehe itafanyika hapa hapa mtaani, nyumbani kwa Leonidasi, chini ya miti yake, na Leonidasi atakaa kiti cha mbele, kiti cha baba. Yeye ndiye atakayeombwa msichana, yeye ndiye atakayepokea maneno ya ng'ombe na kumjibu msemaji. Jambo hilo si geni, alisema. Mayatima huazimiwa wazazi kila siku na hakuna anayeona ajabu.

"Mimi si yatima, mama," Jovita alisema.

"Nani kasema wewe iko yatima? Baba yako atakuja. Atakaa na wageni wengine, huku nyuma. Tutasema ni mujomba wa kijijini." Akapangusa vidole. "Na umwambie avae mikono mirefu. Ile mikono yake, mutu ataona tu rangi atajua."

Jovita alimgeukia Emery. Mikono ya baba yake ilikuwa ya rangi ya machungwa hadi kwenye viwiko, rangi ya miaka mingi ya kukamua, ambayo sabuni haiitoi. Emery mwenyewe, siku moja kwenye pwani ya Rumonge, aliwahi kusema kwamba ni mikono mizuri kuliko yote aliyoiona. Sasa alikuwa akimimina Fanta kwenye gilasi, taratibu mno, kama anayepima dawa.

"Emery?"

"Tutaongea baadaye," alisema bila kuinua macho.

Mzee Leonidasi hakuona neno la kuongea baadaye. Alikuwa amefurahia kazi yake. Alisema amekwisha kuandaa hotuba, kwa sababu baba hawezi kumtoa binti hivi hivi kama anatoa kuku, lazima awalize watu kidogo kwanza. Alijichokonoa jino la nyuma, akatazama alichokipata, akakirudisha mdomoni. Kisha akasimama, akaegemea fimbo, sauti yake ikashuka ikawa ya huzuni.

"Ndugu zangu, mnamwona huyu? Alipokuwa wa miaka sita alishikwa na homa, macho yakageuka. Tulikuwa mbali na zahanati. Hapakuwa na gari, hapakuwa na baiskeli. Nilimfunga mgongoni kwa shuka, mvua inanyesha, nikatembea. Na ili asilale usingizi wa kufa nikawa namwimbia wimbo wa kanisani. Nilijua ubeti mmoja tu. Basi niliuimba ubeti huo huo njia nzima, mpaka yeye mwenyewe akaniambia: baba, imba mwingine."

Mama Evangelina alipiga makofi mepesi. Alisema hapo pa ubeti ni pazuri, asipafupishe.

Jovita aliweka chini kipande cha samaki alichokuwa ameshika. Yale maneno hayakuwa ya kubuni. Mvua ilikuwa ile, shuka lilikuwa lile, na mgongo ulikuwa wa Karoli, ambaye hata leo anajua ubeti mmoja tu wa wimbo ule na anauimba kila Jumapili wakati wengine wameshafika wa nne. Jovita hakuwahi kumsimulia mtu yeyote kisa hicho. Alimsimulia Emery tu, mara moja, siku aliyomwambia kwamba anampenda. Na sasa kilikuwa kinatembea kwenye mdomo wenye mabaki ya mkeke, mdomo wa mtu ambaye hajawahi kumbeba hata paka.

Aliomba ruhusa akanawe mikono. Chumba cha kuogea kilikuwa na vigae vya zamani vya rangi ya samawati, vya Wagiriki wenyewe, vizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona. Alifungua bomba. Maji yaliingia kwenye tundu la beseni, yakakaa kidogo, kisha tundu likakoroma na kuyarudisha juu, meusi, yenye povu na vitu ambavyo hakutaka kuvitambua. Aliruka nyuma. Aliweka mgongo kwenye mlango, akafunga mdomo kwa kiganja, akasema moyoni: Bwana, nipe nisitapike katika nyumba ya watu. Hakutapika. Ila alipotoka alijua kwamba hawezi kurudi kwenye meza ile, kama mtu anavyojua kwamba hawezi kumeza kaa la moto.

Emery alikuwa akimngoja ukumbini. Alimfungulia mlango wa nyuma, wakatoka bustanini.

Bustani yenyewe ilikuwa imebaki hatua kumi. Baada ya hapo nyasi zilizama katika maji ya kijani yanayochemka taratibu kama uji, na miparachichi miwili iliyokufa ilisimama ndani yake. Usiku viboko huja kula majani. Ukuta mzima wa upande wa jirani walikuwa wameupaka mavi kwa mikia yao, yamekauka kama chapati. Mbali, zaidi ya uchafu, ziwa lilikuwa la bluu, safi, na milima ya Kongo nyuma yake. Palikuwa pazuri sana huko mbali.

Emery alimshika mkono. Alisema anajua ameumia. Alisema mama yake ni mtu wa zamani, dada zake wawili wameolewa kwenye nyumba kubwa, na mama ameshawaambia watu mengi juu ya ukoo wa Jovita, hawezi kuyarudisha.

"Ni alasiri moja tu," alisema. "Alasiri moja, kisha maisha yetu yote. Utaishi hapa, Jovita. Serikali itajenga ukuta, maji yatarudi. Utakaa barazani usahihishe madaftari yako. Siyo wewe uliyekuwa unasema unaota miti hii?"

"Kisa cha mvua alikitoa wapi?"

Emery aligeuza macho kwenye miparachichi.

"Nakuuliza, Emery. Yule mzee alikitoa wapi?"

"Alikuja kuniuliza kuhusu utoto wako, apate la kusema. Nilimpa kilicho kizuri. Nilitaka watu wakisikie."

"Kwa mdomo wa nani?"

"Jovita, tafadhali."

"Ungeniibia saa yangu ningeita polisi. Hili sijui nimwite nani."

Alitazama mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Emery. Kidole chake kilikuwa na pete, fedha nyembamba, aliyovishwa Pasaka mbele ya kanisa. Mkono wa Emery ulikuwa na joto lile lile, ngozi ile ile ambayo wiki iliyopita alikuwa akiikumbuka darasani hadi watoto wakamuuliza anacheka nini. Ajabu ni kwamba hakuuchukia. Ulimtia kinyaa, kama kikombe ambacho umekwisha kunywea, kisha ukaoneshwa kilichokuwa chini yake. Aliuondoa wake taratibu.

Emery aliona. Uso wake ukabadilika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaongea kwa haraka.

"Usinifanye mimi mnyama. Baba yako anajua. Baba yako alikubali."

"Unasema?"

"Nilikwenda Rumonge kumwona, wiki tatu zilizopita. Nilimweleza vizuri, kwa heshima. Alisema haina shida. Yeye mwenyewe, Jovita. Kama yeye mwenye kiti amekubali kukitoa, wewe unalilia nini?"

Jovita aliona mambo ya wiki tatu yakipita mbele yake. Baba yake hakuwa ameanza kujenga banda la wageni, na akiulizwa anasema siku bado zipo. Amekuwa akimtazama sana wakati wa kula, kisha anamwongezea samaki. Juzi aliulizwa na mama kama anaumwa, akasema ni uzee.

Alitoa simu kwenye pochi.

"Unafanya nini?" Emery aliuliza. "Siyo sasa. Jovita, siyo sasa."

Iliita mara mbili. Nyuma ya sauti ya baba yake walisikika kuku.

"Jovita? Ulifika salama? Umekula?"

"Nimefika, baba. Nataka kukuuliza neno. Emery alikuja kuongea na wewe juu ya siku ile?"

Mzee alisikika akiwafukuza kuku.

"Alikuja," mzee Karoli alisema. "Ulikuwa shuleni."

"Alikuambia nini?"

"Mwanangu, hayo yamekwisha. Mimi sina kinyongo."

"Baba. Alikuambia nini?"

"Aliniletea maneno yako. Kwamba unaona haya kuniambia mwenyewe. Kwamba unapenda siku ile nikae nyuma kidogo, kwa sababu ya wale wakubwa." Alikohoa. "Nilimwambia haina shida. Mtoto akipata pazuri, mzazi anakaa popote. Usilie, mama. Nilikwishapata na shati la mikono mirefu."

Jovita alimgeukia Emery. Simu ilikuwa na sauti kubwa, na Emery alikuwa amesikia yote. Alikuwa akitazama maji yale ya kijani kana kwamba kuna kitu ndani yake anachokitafuta.

"Baba, sikumtuma."

"Sema tena."

"Sikumtuma mtu. Mimi nimeyasikia leo, mezani kwao, sasa hivi. Sikuyasema mimi. Sikuwahi hata kuyawaza, Mungu ni shahidi."

Ilisikika simu ikiwekwa juu ya kitu cha bati, halafu sauti ya mzee Karoli kwa mbali, ikiita uani, sauti ambayo Jovita hakuwa ameisikia kwa wiki tatu.

"Mama Jovita, toka. Acha hicho, toka uje usikie. Siyo yeye. Mtoto hakusema."

Na sauti ya mama yake, inapasuka kwa kilio na kicheko kwa pamoja: "Nilikuambia, Karoli. Siku ile ile nilikuambia."

Jovita alisimama na simu sikioni akiwasikiliza watu wawili wazee wakifurahi. Msiba wao ulikuwa umeisha, na binti yao alikuwa anapoteza mume, na wao hawakujua hilo la pili, au walijua na halikuwa na uzito. Wiki tatu nzima baba yake alikuwa ameamini kwamba mtoto aliyembeba mgongoni anaona haya juu yake. Na aliendelea kumwongezea samaki.

"Niliogopa ungekataa," Emery alisema, chini sana. "Nilijua ukiulizwa wewe kwanza ungekataa. Nilifanya kwa sababu nakupenda."

Jovita alivua pete. Haikutoka kwa urahisi, kwa sababu ya joto, ilibidi aizungushe. Alimnyooshea Emery, naye hakuipokea, akaweka mikono nyuma kama mtoto anayekataa dawa. Basi Jovita aliitia kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo, akihakikisha kwamba vidole vyake vinagusa kitambaa tu.

Mzee Karoli alirudi kwenye simu. Alikuwa anahema. Jovita alipunguza sauti ya simu, akaibana sikioni, Emery asisikie.

"Huyo kijana yuko karibu hapo?"

"Yuko."

"Mwambie nimemsamehe. Mwambie leo leo, usilaze neno hilo. Msamaha ukilala unaoza."

"Nitamwambia, baba."

Jovita akakata simu. Ndani ya nyumba Mama Evangelina alikuwa anauliza, kwa Kiswahili, kama huyo mutoto amepotelea chooni. Emery alipiga hatua moja, macho yake mekundu, macho yale ya upole.

"Amesema nini?"

Jovita alikuwa na neno lile mdomoni, amepewa mzima na safi kutoka Rumonge, na halikuwa lake la kulizuia. Alimwomba Mungu nguvu ya kulitoa. Alingoja. Harufu ikampanda tena puani, na nguvu haikuja, na akamwomba Mungu wa baba yake asimhesabie siku hii ya leo.

"Ameniuliza kama nimekula," alisema, akaelekea langoni.